Moshi Uliohamishwa

Mji wa kwanza Uingereza kuwauzia wakazi wake umeme uliupata kwenye maji ya mto, bila moshi. Mwaka 1881 madiwani wa Godalming, mji mdogo wa Surrey kusini-magharibi mwa London, walishindwa kuelewana na kampuni ya gesi kuhusu bei ya taa za barabarani. Wakajaribu kitu kipya: jenereta ya Siemens iliyozungushwa na gurudumu la maji, kwenye kiwanda cha ngozi kando ya Mto Wey. Taa ziliwaka, na wenye nyumba wakakaribishwa kuungiwa waya. Wachache tu ndio walioitikia. Mto nao ulikuwa na mafuriko yake, hivyo gurudumu likaachwa na injini ya mvuke ikashika kazi. Mwaka 1884 Godalming ikarudi kwenye gesi.

Ulioota mizizi ni mradi mwingine. Januari 1882, kampuni ya Thomas Edison iliwasha mtambo wake katika jengo namba 57, Holborn Viaduct, katikati ya London. Jenereta yake ya tani 27 ilipewa jina la Jumbo, tembo mashuhuri wa enzi hiyo, na ilizungushwa na mvuke wa boila za makaa ya mawe. Mahali palichaguliwa kwa akili. Kampuni haikuwa na ruhusa ya kuchimbua barabara, lakini chini ya daraja la Holborn kulikuwa na mahandaki ya mabomba, na waya ziliweza kupitishwa humo bila kung'oa jiwe hata moja. Taa za mtaani, kanisa la City Temple na mahakama ya Old Bailey vikapata mwanga. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha kwanza duniani kuuuzia umma umeme wa makaa ya mawe, miezi kadhaa kabla ya kile cha Pearl Street, New York, kilichoanza Septemba 4 mwaka huohuo. Kilipata hasara na kufungwa mwaka 1886, lakini njia kiliyoianzisha iliendelea kutumika Uingereza hadi 2024.

Kwa miaka hiyo 142, aliyewasha taa na aliyevuta moshi wa taa hiyo walikuwa mara nyingi watu tofauti. Waliokaa karibu na boila walipolalamika, moto haukuzimwa. Ulisogezwa mbali zaidi. Na kila uliposogezwa, umeme ulionekana kitu safi zaidi, na watu wakautumia zaidi.

Wa kwanza kuusogeza alikuwa Sebastian Ziani de Ferranti, mhandisi aliyekuwa hajafikisha hata miaka 25. Vituo vya wakati ule vilihudumia mitaa michache tu, kwa sababu umeme wa volti ndogo hupotea njiani. Kwa hiyo mtaa wa kitajiri uliotaka taa ulilazimika kuvumilia boila, masizi na mtikisiko wa mashine jirani na milango yake. Ferranti alijenga kituo kikubwa Deptford, kusini-mashariki mwa jiji, kando ya Mto Thames, mahali ambapo meli za makaa ziliweza kushusha shehena mlangoni. Kutoka hapo aliusukuma umeme hadi katikati ya London kwa volti 10,000, kiwango ambacho wengi wa wakati huo walikiona cha kutisha. Deptford lilikuwa eneo la vibarua na mafundi wa bandarini. Taa ziliwaka West End ya matajiri, majivu yakabaki Deptford.

Reli za chini ya ardhi zilifuata mkondo huohuo. Tangu 1863 treni za London zilipita kwenye mahandaki zikivutwa na injini za mvuke, na abiria walitoka stesheni wakikohoa. Mwaka 1905 njia ya District iliacha mvuke na kuanza kutumia umeme kutoka kituo kipya cha Lots Road, Chelsea. Hewa ya mahandakini ikawa nafuu mara moja. Moshi wake sasa ulitoka kwenye dohani nne kando ya Thames, katika kituo kilichochoma takriban tani 700 za makaa kwa siku.

Majumbani mabadiliko yalikuja polepole, kisha kwa kasi. Mwaka 1924 kilianzishwa Chama cha Umeme cha Wanawake, kikiongozwa na mhandisi Caroline Haslett. Hoja yake ilieleweka kwa kila mama wa nyumba: meko ya makaa yalimaanisha kubeba ndoo, kuzoa majivu, kufuta masizi kwenye kuta na mapazia, kila siku ya Mungu. Umeme ungemwondolea kazi hiyo. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, na iliuza pasi, majiko, hita na mashine za kufagia. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza nyumba zenye umeme zilikuwa chache mno. Kufikia 1939 zilikuwa takriban theluthi mbili ya nyumba zote.

Mahitaji ya namna hiyo hayakuweza kutoshelezwa na utitiri wa kampuni ndogo, kila moja na volti zake. Sheria ya mwaka 1926 iliunda Bodi Kuu ya Umeme na kuagiza ijengwe gridi ya taifa. Nguzo ya kwanza ya chuma ilisimamishwa Scotland mwaka 1928, na miaka michache baadaye waya za volti 132,000 ziliunganisha sehemu kubwa ya nchi. Vituo vidogo vilianza kufungwa. Vilivyochaguliwa kubaki vilikuwa vikubwa sana, na kimojawapo kilipangwa kujengwa Battersea, ng'ambo ya mto kutoka Chelsea.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mipango ilipotangazwa mwishoni mwa miaka ya 1920, barua za malalamiko zilijaa magazetini. Salfa ya makaa, walisema wapinzani, ingeharibu bustani za kifalme, ingekula mawe ya Bunge na kanisa la Westminster, na ingefifisha picha za Tate Gallery iliyokuwa upande wa pili wa mto. Safari hii waliolalamika hawakuwa vibarua wa Deptford. Walikuwa watu wenye majina, na serikali iliwasikiliza. Kampuni ya London Power ikaruhusiwa kujenga kwa sharti moja: moshi uoshwe kabla ya kutoka.

Hilo lilikuwa jambo jipya duniani. Battersea ilipoanza kufua umeme mwaka 1933, gesi zake zilipitishwa kwenye manyunyu ya maji ya Thames yaliyochanganywa na chokaa, na sehemu kubwa ya salfa ikanaswa. Sura ya nje alikabidhiwa Sir Giles Gilbert Scott, msanifu aliyebuni pia kibanda chekundu cha simu cha Uingereza. Alilivisha jengo matofali yenye madoido na kuzifanya dohani zake zifanane na nguzo za hekalu. Kuosha moshi kulikuwa na gharama zake, hata hivyo. Maji machafu yalirudishwa mtoni. Na moshi uliooshwa ulitoka ukiwa umepoa. Badala ya kupaa juu angani, uliweza kushuka taratibu juu ya mapaa ya jirani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kuosha kulisitishwa, kwa hofu kwamba wingu jeupe la mvuke lingewaonyesha njia marubani wa Ujerumani.

Majira ya baridi ya 1947 yalionyesha jinsi nchi ilivyokwisha kufungamana na makaa. Theluji ilizifunga reli, makaa yakaganda kwenye malundo, na Waziri wa Nishati, Emanuel Shinwell, akatangaza kwamba katika maeneo makubwa ya nchi nyumba zisitumie umeme kwa muda wa saa tatu kila asubuhi na muda wa saa mbili kila mchana. Viwanda vilisimama. Jibu la serikali lilikuwa kujenga vituo zaidi. Mwaka uliofuata sekta nzima ikataifishwa, na Battersea ikaendelea kupanuliwa hadi ikawa na dohani zake nne kamili.

Kisha ikaja Desemba 1952.

Ijumaa ya tarehe 5 hewa ya London ilituama. Tabaka la hewa yenye joto lilikaa juu ya hewa baridi kama kifuniko juu ya sufuria, na kila kilichotoka kwenye dohani za jiji kilibaki mitaani. Kwa siku tano makondakta walitembea mbele ya mabasi wakiwa na mienge. Katika ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera La Traviata lilikatizwa kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia ndani. Kwenye maonyesho ya mifugo ya Smithfield, ng'ombe wa thamani walikufa kwa kukosa pumzi. Idara ya Hali ya Hewa ilikadiria baadaye kwamba kila siku ya ukungu huo jiji lilitoa tani 1,000 za chembe za moshi, na kwamba tani 370 za salfa dioksidi ziligeuka kuwa tani 800 za asidi ya salfa. Hesabu za awali zilitaja vifo 4,000. Tafiti za baadaye zimefikisha idadi hiyo hadi 12,000.

Mtuhumiwa mkuu alikuwa meko ya nyumbani. Mamilioni ya meko yalichoma makaa hafifu, na siku chache kabla ya ukungu serikali ilikuwa imeruhusu vumbi la makaa, lile la bei nafuu, liuzwe bila mgawo. Vituo vya umeme ndani ya jiji, kama Battersea, Fulham, Greenwich na Deptford, viliongeza sehemu yao ya salfa, ila kwa dohani ndefu kidogo. Kamati iliyoongozwa na Sir Hugh Beaver, mkuu wa kampuni ya bia ya Guinness na mtu aliyetoa wazo la kitabu cha rekodi chenye jina hilo, ilipendekeza hatua kali. Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Mabaraza ya miji yalipewa uwezo wa kutangaza maeneo ambamo moshi wa kawaida wa makaa ulipigwa marufuku, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama za kubadili meko.

Sheria hiyo iliokoa maisha, na hilo halina ubishi. Lakini nyumba iliyoacha meko ya makaa bado ilihitaji joto. Wengine walihamia kwenye makaa yasiyotoa moshi, wengine kwenye gesi, na wengi wakanunua hita za umeme. Makaa yaliyokuwa yakichomwa sebuleni yakaanza kuchomwa kwenye boila za serikali, ambazo kufikia wakati huo zilizalisha karibu umeme wote wa nchi.

Boila hizo hazikuwekwa tena London. Bodi mpya ya Uzalishaji wa Umeme, iliyoanza kazi Januari 1958, ilipeleka vituo vyake kwenye mashamba ya kaskazini na kati, karibu na migodi. Bonde la Mto Trent lilijaa vituo vingi kiasi kwamba liliitwa Bonde la Megawati: West Burton, Cottam, Ratcliffe-on-Soar na vinginevyo. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kilijengwa kwa uwezo wa takriban megawati 2,000. Kwa msomaji wa Tanzania, kipimo ni rahisi: Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina megawati 2,115. Ratcliffe peke yake ilikaribia hapo, lakini kwa kuchoma karibu tani 20,000 za makaa kwa siku ilipowaka kwa nguvu zote. Kwenye waya za volti 400,000, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1960, umeme huo ulifika London bila hata harufu ya salfa.

Kwa wanavijiji wa jirani bodi ilikuwa na jibu moja: urefu. Dohani ya Battersea ilikuwa na mita 103. Ya Ratcliffe ilikaribia mita 200. Ya Drax, kituo cha Yorkshire kilichoanza kutoa umeme miaka ya 1970, ilifika mita 259 na kuwa ndefu kuliko zote nchini. Wahandisi walikuwa na hesabu nzuri: moshi ukitolewa juu vya kutosha, upepo utausambaza kiasi kwamba ardhini hautadhuru mtu. Vipimo vya karibu na vituo viliwathibitishia hivyo. Kuosha moshi, kama Battersea ilivyofanya, kukaonekana gharama isiyo na lazima, na vituo vipya vikajengwa bila mitambo hiyo.

Wakati huo umeme ulikuwa umeingia kwenye tabia za watu kiasi kwamba wahandisi wa gridi walijifunza kusoma ratiba za televisheni. Kipindi kinachopendwa kilipokwisha, mamilioni ya watu waliinuka kwa pamoja kuchemsha maji ya chai. Tarehe 4 Julai 1990, England ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mahitaji yaliruka kwa megawati 2,800 ndani ya dakika chache, zaidi ya uwezo wa Ratcliffe nzima. Kwa dakika hizo gridi ilikuwa na maji ya Dinorwig, mtambo uliochimbwa ndani ya mlima huko Wales. Lakini maji ya Dinorwig hupandishwa kwenye bwawa la juu usiku, kwa umeme wa gridi ileile, na wakati huo sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitoka kwenye makaa ya Yorkshire na bonde la Trent.

Upepo uliotegemewa kusambaza salfa ulikuwa ukivuma kuelekea mashariki.

Mkemia Robert Angus Smith, mkaguzi wa kwanza wa serikali wa uchafuzi wa viwandani, alikuwa ameshaandika juu ya mvua ya asidi ya Manchester katika kitabu chake cha mwaka 1872. Kwake lilikuwa tatizo la mji na viunga vyake. Mwaka 1967 mtaalamu wa udongo wa Sweden, Svante Odén, alieleza katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba asidi iliyokuwa ikiua samaki wa Skandinavia ilitoka nje, kwenye dohani za Uingereza na Ulaya ya kati. Sweden iliipeleka hoja hiyo kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm mwaka 1972. Kusini mwa Norway, ambako miamba haina chokaa ya kupunguza makali ya asidi, maelfu ya maziwa yalikuwa yakipoteza samaki. Mito kama Tovdalselva na Mandalselva ilipoteza samoni wake wote.

Uingereza ilijibu kwa kuomba ushahidi zaidi. Bodi ya umeme ilidai kwamba sayansi bado haijakamilika, na kwamba mitambo ya kunasa salfa ingepandisha bili za wateja. Mwaka 1985, nchi nyingi za Ulaya ziliposaini itifaki ya Helsinki na kuahidi kupunguza salfa kwa asilimia 30, serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu aliyesomea kemia Oxford, ilikataa kutia saini. Wakazi wa Chelsea walipolalamika mwaka 1929 moshi uliamriwa kuoshwa. Wavuvi wa Norway walipolalamika nusu karne baadaye waliambiwa wathibitishe. Mkuki kwa nguruwe.

Kilichobadili mambo ni sheria za nje. Mwaka 1988 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo lililoitaka Uingereza ipunguze salfa ya vituo vikubwa kwa asilimia 60 kufikia 2003, ikilinganishwa na 1980. Drax ilifungiwa mitambo ya kunasa salfa, na Ratcliffe ikafuata. Bodi ya umeme ilibinafsishwa mwaka 1990, na kampuni mpya zikakimbilia gesi ya Bahari ya Kaskazini, iliyokuwa rahisi na isiyo na salfa nyingi. Tangu 1970 salfa dioksidi inayotoka Uingereza imepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Norway nayo imekuwa ikimwaga chokaa kwenye mito yake mwaka baada ya mwaka, kwa fedha za walipakodi wake, na samoni wamerudi Mandalselva.

Baada ya hapo anguko la makaa lilikuwa la haraka kuliko alivyotarajia yeyote. Mwaka 2012 bado yalitoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Mwaka uliofuata serikali iliweka kiwango cha chini cha bei ya kaboni, na makaa yakawa ghali kuliko gesi. Mitambo ya upepo baharini ikaongezeka. Tarehe 21 Aprili 2017 nchi ilipitisha saa 24 bila umeme wa makaa, mara ya kwanza tangu Holborn. Tarehe 30 Septemba 2024 Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho, kilizimwa. Battersea kwa sasa ni maduka na ofisi, na kituo cha Bankside, kilichochoma mafuta mbele ya kanisa la St Paul's, tangu mwaka 2000 ni jumba la sanaa la Tate Modern.

Drax haikuzimwa. Kuanzia 2013 boila zake nyingi zilibadilishwa moja baada ya nyingine ili zichome mbao badala ya makaa: vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambavyo vingi huletwa kwa meli kutoka majimbo ya kusini mwa Marekani na kutoka Canada. Katika hesabu za Uingereza umeme huo hutajwa kuwa wa nishati jadidifu, na kwa miaka mingi umepewa ruzuku inayolipwa kupitia bili za wateja. Kimojawapo cha viwanda vinavyoshindilia unga huo, kinachomilikiwa na kampuni ya Drax, kiko Gloster, mji mdogo wa Mississippi ambao wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Mamlaka ya mazingira ya jimbo hilo iliwahi kukitoza kiwanda hicho faini ya dola milioni 2.5 kwa kutoa gesi chafu kupita kiwango kilichoruhusiwa. Wakazi wa Gloster wameendelea kulalamikia vumbi, kelele na matatizo ya kupumua.